Skuta ya kwendea kazini: mwongozo kamili, kuanzia hesabu hadi barabarani

Mtu akiniuliza anunue skuta gani, namrudishia swali: fundi wako ni nani, na mkanda wa hiyo skuta unauzwa duka gani? Wengi huniona nakwepa. Wanataka jina la kampuni, rangi na bei. Lakini skuta isiyo na spea mjini kwako ni kiti cha kukalia uani, hata kama uliinunua kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye hesabu, unapita kwenye barabara ya kwako, na skuta yenyewe tutaifikia baadaye kidogo.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, na mifano yangu ni ya hapa. Wa Tanga, Mombasa au Unguja atabadilisha majina ya mitaa tu. Unguja, bila shaka, hawahitaji kufundishwa na mtu wa Dar: kule kila skuta ni "vespa", iwe ya Japani au ya China, kama vile huku kila dawa ya meno ilivyokuwa Kolgeti.

Hesabu kwanza

Chukua karatasi. Tuseme unakaa Goba na kazi yako iko Posta. Kwenda ni kama kilomita 20, kwenda na kurudi 40. Kwa siku 22 za kazi unapata kilomita 880 kwa mwezi. Skuta ya cc 110 au 125 iliyo nzima, kwenye foleni zetu, nahesabu itembee kilomita 40 kwa lita moja. Muuzaji atakwambia 55 au 60. Huenda ni kweli kwenye barabara tupu, lakini wewe hesabu 40. Hapo unahitaji lita 22. EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako; mimi nitachukua 3,000 kwa lita kurahisisha. Jumla ni shilingi 66,000.

Sasa daladala. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, tuseme 600 kila moja: 2,400 kwa siku, 52,800 kwa mwezi. Umeona? Daladala imeishinda skuta, na bado hatujaweka oili, tairi wala bima.

Hili hutalisikia dukani. Mwenye kukaa karibu na kituo na kupanda gari moja hadi kazini, skuta haimpunguzii matumizi, inamwongezea. Skuta inashindana na bodaboda na gari dogo. Ongeza bodaboda ya kutoka nyumbani hadi kituoni, 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, na safari ya daladala inapanda hadi 96,800 kwa mwezi. Upande wa skuta weka akiba ya matengenezo, 1,000 kila siku ya safari, yaani 22,000, unapata 88,000. Hapo tumekaribiana, na skuta imeanza kuongoza. Ukimbeba mwenzako mnayefanya naye kazi upande mmoja, upande wa daladala na bodaboda nauli inazidishwa mara mbili, na mafuta yako hayaongezeki sana. Na yako mambo yasiyoingia kwenye karatasi: saa moja na nusu ya kusimama kituoni, safari ya sokoni Jumamosi, kumpeleka mtoto zahanati usiku.

Piga hesabu yako kwa namba zako. Ikikataa, weka hela yako pale pale ilipo.

Barabara ya kwako inaamua kabla yako

Tofauti kubwa ya skuta na pikipiki ya bodaboda iko kwenye gurudumu, kuliko hata kwenye injini. Boxer ina ringi ya inchi 17. Skuta nyingi zina inchi 10 au 12. Gurudumu dogo linaingia ndani ya shimo ambalo Boxer inalipita juu juu, na likiingia linagonga ukingo wa mbele kama ngazi. Kwenye mchanga linajichimbia. Kwenye tuta lililojengwa na wananchi wenyewe, lile lenye ncha kama paa la nyumba, tumbo la skuta linakwaruza.

Kwa hiyo tembea kwa miguu kutoka mlangoni kwako hadi lami, asubuhi moja baada ya mvua. Kama ni mita 300 za changarawe, hakuna tabu. Kama ni kilomita tatu za makorongo na mchanga wa kuzama, nunua pikipiki ya kawaida na uache kusoma hapa. Kama uko katikati, tafuta skuta ya inchi 12 mbele na nyuma. Inchi mbili hizo unazihisi kiunoni.

Aina utakazokutana nazo

Ndogo za mtumba kutoka Japani, cc 50: Honda Dio, Yamaha Jog na ndugu zao. Nyepesi, nzuri, hazina makelele. Jua mambo mawili. Kwao zilitengenezwa kwa mtu mmoja na mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo nyingi hazina hata pa kukanyagia abiria. Watu huku wanapakia wawili na mfuko wa unga, kisha wanashangaa kilima cha Makongo kinawashinda. La pili, za zamani nyingi ni za mipigo miwili: zina tanki dogo la oili pembeni, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Tanki hilo likikauka, injini inakwama siku hiyo hiyo, na hakuna kusema "nitaweka kesho".

Za kutoka India, cc 110 hadi 125, kama Honda Activa, TVS Jupiter na TVS Ntorq. Kwa mtu wa kazini mwenye abiria wa mara kwa mara, mimi ningeanzia hapa. Zimetengenezwa kwa nchi yenye joto, vumbi, matuta na watu wawili juu ya kiti. Nyingi zina kiki pamoja na selfu. Siku betri ikifa Kibaha utaelewa kwa nini nimetaja kiki.

Za China, cc 125 na 150, nyingi zikiwa na injini ile mafundi wanayoiita GY6. Ubora wa bodi unatofautiana vibaya, na plastiki nyingine hupasuka kwa jua tu. Ila injini hiyo ni ya ukoo mmoja, imenakiliwa kila mahali, na spea zake ni nyingi na za bei ya chini. Fundi akikwambia anaijua, mara nyingi hadanganyi.

Kisha Vespa yenyewe, ya gia. Kampuni ya Piaggio ilianza kuitengeneza 1946 pale Pontedera, Italia, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege asiyependa pikipiki. Aliona mnyororo unachafua nguo na kulivuka tanki kwa mguu ni adha, kwa hiyo akaifunika injini na kuacha uwazi mbele ya kiti. Ndiyo maana mzee wa kanzu na mama wa baibui wanaipanda bila kupandisha nguo. Chuma chake ni kizito na mafundi wake wazuri wako Unguja. Ila gia zinabadilishwa kwa mkono wa kushoto na breki ya nyuma ni ya mguu. Kwa anayeanza, si pa kuanzia.

Za umeme zinaingia kwa kasi. Kwa safari ya kilomita 40 kwa siku zinaweza kukufaa sana, mradi una pa kuchajia pasipo na ugomvi wa luku na wapangaji wenzako, na aliyekuuzia ana betri ya akiba dukani leo, asikuambie imeagizwa. Betri ndiyo nusu ya chombo. Uliza dhamana yake kwa maandishi.

Spea kabla ya skuta

Ukishakuwa na aina mbili kichwani, usiende kwa muuzaji. Nenda Kariakoo upande wa Gerezani, au maduka ya spea ya mtaani kwako, na uulize vitu vitano vya kila aina: mkanda, rola, brekishu au brekipedi, tairi ya saizi yake, na waya wa mafuta. Andika bei. Uliza maduka matatu. Ukiambiwa mara mbili "hiyo mpaka uagize", umepata jibu, hata kama skuta yenyewe inang'aa namna gani.

Baada ya hapo tafuta fundi. Fundi wa bodaboda anajua mnyororo na gia za mguu. Skuta haina kimojawapo. Nguvu ya injini inapita kwenye mkanda wa mpira unaozunguka katikati ya puli mbili, na rola ndogo sita hivi ndizo zinazobadilisha mwendo zenyewe. Mwulize fundi: "Rola zikiisha, skuta inafanyaje?" Anayejua atakwambia inachelewa kuondoka, inatetemeka, au injini inalia na mwendo hauji. Asiyejua atakwambia tufungue kwanza tuone.

Kukagua ya mtumba

Nenda asubuhi, mchana kweupe, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha, na pengine ana sababu: skuta inayosumbua kuwaka ikiwa baridi huwaka vizuri ikiwa moto.

Iwashe mwenyewe. Kwa selfu, kisha uizime na uiwashe kwa kiki. Tazama bomba la moshi. Moshi wa buluu usiokoma kwenye injini ya mipigo minne maana yake inakula oili; ring pistoni au valvu zimechoka. Ya mipigo miwili itatoa moshi kidogo wa buluu, hiyo ndiyo asili yake. Iache ingurume dakika tano. Izimike yenyewe? Kabureta chafu au ina tatizo la hewa. Si kosa la kukimbia, ila ni la kupunguza bei.

Ipandishe stendi ya kati, mtu akalie nyuma, gurudumu la mbele liwe juu. Zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi inakwama katikati kama inaingia kwenye kijishimo, beringi za usukani zimeisha. Shika gurudumu la mbele na ulitikise. Likicheza, beringi za gurudumu au shokapu. Zungusha gurudumu na utazame ringi dhidi ya kidole chako: ringi iliyopinda inaenda na kurudi.

Angalia ncha za vishikio vya breki na ncha za usukani. Mikwaruzo ya upande mmoja ni anguko la upande huo. Plastiki inayopigapiga maana yake vibanio vimevunjika, na imefunguliwa mara nyingi au imeanguka. Lala chini utazame chuma chini ya sehemu ya miguu, hasa kwa skuta iliyokaa ufukweni, Kigamboni au visiwani. Chumvi ya bahari inakula kuanzia ndani. Kutu ya juu juu ni kawaida. Kuchomelewa upya ni habari nyingine, acha.

Tairi zina tarehe. Tafuta tarakimu nne pembeni, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya miaka mingi imekakamaa, na kwenye lami yenye maji inateleza kama sabuni.

Mwisho iendeshe, na muuzaji akae nyuma kama anaogopa. Ondoka polepole: je, inaondoka laini au inaruka? Panda kilima. Funga breki moja moja. Kama hujui kuendesha, lipa fundi akuendeshee. Hela hiyo inarudi.

Karatasi

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Usikubali kusomewa, soma mwenyewe, na kama imefunikwa na matope, omba kitambaa. Jina la kwenye kadi na la kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia vifanane. "Ni ya shemeji yangu, yuko safarini" ni sentensi ya kukufanya uende nyumbani.

Chukua namba ya usajili, ile inayoanza na MC, uangalie madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Kagua bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Stika za kughushi zipo. Kisha mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na uhamishe umiliki TRA mapema. Watu wanakaa na kadi ya mtu mwingine miaka, mpaka siku chombo kinapoibiwa au mwenye jina anapofariki na warithi wanakuja kuhesabu mali.

Leseni ni ya lazima hata kama skuta inaonekana kama ya mchezo. Pikipiki ziko daraja A na vidaraja vyake. A3 ni ya vyombo visivyozidi cc 50. Ukichukua A3 leo na kununua cc 125 mwakani, huna leseni ya ulichokalia. Pita chuo cha udereva, pata leseni ya kujifunzia, ufanye mtihani. Trafiki wa Mwenge hawadanganyiki kwa sababu umevaa tai.

Kichwa, mikono, miguu

Helmeti yako nunua mpya, iwe ya uso mzima au angalau inayoshuka hadi masikioni, na ifunge. Isogeze kwa mikono: ngozi ya paji iende nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Ya mtumba usinunue, maana hujui imeshapokea pigo gani, na povu la ndani hupokea pigo mara moja tu. Ya abiria iwe ya pili, usimpe sufuria.

Glavu na viatu vya kufunika. Ukianguka, mikono hutangulia. Ndara ni za kuogea.

Na nguo. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila ninapopita barabara ya Kigamboni: ncha ya mtandio, baibui au kanga ya abiria inaningʼinia sentimita chache kutoka kwenye gurudumu la nyuma. Ikiingia, inamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Abiria akae kwa kutanua miguu, akunje nguo na kuikalia, mtandio uingie ndani ya koti. Kukaa upande ni mazoea ya miaka mingi pwani, na mama zetu wameyafanya salama, ila chombo kikiyumba aliyekaa upande hana cha kukibana kwa miguu. Mtoto naye hasimami mbele pale pa kuwekea miguu. Kwa breki ya ghafla, kifua chake ndicho kinachogonga usukani, na wewe unamgonga kwa nyuma.

Siku za kwanza: uwanjani

Jumapili asubuhi, uwanja wa shule au kiwanja kisicho na watu. Anza injini ikiwa imezimwa. Isukume ukitembea pembeni yake, uifunge breki, uihisi uzito wake. Wengi huangusha skuta kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama.

Kwenye skuta zisizo na gia, kishikio cha kulia ni breki ya mbele, cha kushoto ni breki ya nyuma. Nyingine za India huunganisha: ukibana cha kushoto, na ya mbele inashika kidogo. Uliyezoea Boxer, jihadhari: mkono wako wa kushoto unadhani pale kuna klachi. Utabana kwa nguvu ukidhani unaachia injini, kumbe umefunga breki katikati ya barabara.

Kuwasha: stendi ya kati, bana breki, bonyeza selfu, usiguse mafuta. Gurudumu la nyuma likizunguka lenyewe hewani, usiteremshe. Teremsha ukiwa umebana breki ya nyuma. Kosa la kila mwanafunzi ni hili: skuta inaruka mbele, anashtuka, anaushika usukani kwa nguvu, na kushika kule kunazidi kuzungusha mafuta. Jizoeze kuachia mafuta kama kitu cha kwanza mwili wako unachofanya ukishtuka. Rudia mara hamsini. Nimesema hamsini.

Kisha tembea polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Mwendo wa polepole ndio mgumu, na ndio wa foleni. Shikilia mafuta kidogo na uzuie kwa breki ya nyuma; breki ya mbele usiiguse ukiwa umekata usukani, itakulaza. Zunguka namba nane. Tazama unakotaka kwenda, maana skuta inafuata macho. Ukilikodolea shimo, utaliingia.

Breki ya dharura: kilomita 30 kwa saa, usukani umenyooka, bana zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu, kama unayekamua chungwa bila kutaka mbegu zitoke. Kubana ghafla kunakwamisha gurudumu. Siku tatu za hivi, ndipo utoke barabarani, na utoke saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili.

Barabarani

Kaa kwenye njia yako kama gari, usiambae ukingoni. Ukingoni ndiko kuna mchanga, mifuniko ya mitaro, na wauza karanga. Ukijibana kule, daladala inakupita kwa upana wa kiganja. Ukikaa katikati ya njia yako, inalazimika kukupita kama mtu.

Daladala husimama anapoonekana abiria. Usitegemee taa ya breki, inaweza kuwa haiwaki tangu mwaka juzi. Tazama mkono wa konda. Mkono ukitoka dirishani, gari linakuja kushoto. Na kamwe usipite kati ya daladala iliyosimama na ukingo: mlango uko upande huo, na anayeshuka hatazami nyuma.

Malori ya Barabara ya Mandela yanakwenda na kutoka bandarini mchana na usiku. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hajui kama upo. Usisimame pembeni mwa lori kwenye taa, hasa kushoto. Likikata kona, tela linapita mahali ulipo. Subiri nyuma, au vuka ukasimame mbele kabisa anapokuona.

Njia ya mwendokasi, ile ya mabasi ya haraka peke yake, usiingie. Utaona wenzako wanaingia, na wengine wamebeba abiria. Basi la mita kumi na nane halifungi breki kama Bajaj.

Bajaj hugeuka popote. Bodaboda watakupita kushoto na kulia na watakucheka kwa mwendo wako. Waache, mwishoni mwa siku mtakutana kwenye taa ile ile. Reli kama ya Buguruni ivuke kwa kuikata moja kwa moja. Ukiivuka kimshazari, gurudumu dogo linaingia kwenye mfereji wa chuma na halitoki. Tuta pia livuke moja kwa moja, breki uifunge kabla na uiachie ukiwa juu, nyanyua makalio kidogo. Mchangani usifunge breki ya mbele: shusha mwendo kabla hujaufikia, kaa nyuma kidogo, shikilia mafuta kidogo yasiyobadilika, na uuache usukani ucheze.

Usiku washa taa hata pale pa mwanga, vaa rifleta, na upunguze. Shimo la usiku halina kivuli.

Masika

Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya kuliko zote. Oili na vumbi la wiki nzima vinapanda juu ya lami kabla havijaoshwa. Simama dukani, kunywa chai, acha inyeshe. Ikibidi kwenda, kaa mbali na michoro myeupe ya rangi, vifuniko vya chuma, na mizunguko ambako malori humwaga dizeli.

Dimbwi usilolijua, msubiri mwingine alivuke kwanza. Maji yakifika katikati ya gurudumu, usiingie. Nyumba ya mkanda ina matundu ya kupoza. Maji yakiingia, mkanda unateleza, injini inalia na huendi. Yakifika kwenye njia ya hewa ya injini, unazungumzia gharama ya kufungua injini nzima. Bonde la Jangwani likijaa maji, usipite huko.

Matunzo yasiyohitaji fundi, na yanayomhitaji

Kila Jumatatu: upepo, oili, breki, taa. Upepo upime tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha skuta au kitabu chake. Activa, kwa mfano, hutumia psi 22 mbele na 29 nyuma kwa mtu mmoja, na 36 nyuma ukiwa na abiria. Vijana wa upepo wana tabia ya kujaza 40 kote. Skuta inakuwa ngumu kama toroli na breki zinapungua. Nunua kipimo chako.

Oili ya injini ni chini ya lita moja, kwa hiyo inachoka upesi. Kwa joto na foleni zetu mimi sivuki kilomita 2,000. Kuna oili nyingine ndogo, ya gia za nyuma, kama nusu glasi, ambayo wengi hawajui ipo. Mkumbushe fundi. Ea klina isafishwe kila unapobadili oili kama unapita vumbini. Mkanda ufunguliwe na kutazamwa kila kilomita 10,000. Ukiona nyufa, ubadilishwe. Mkanda ukikatika hakuna njia ya kienyeji. Mnyororo ungeunga. Mkanda utasukuma.

Mafuta weka sheli yenye magari mengi. Ya kwenye chupa pembeni mwa barabara ni ya kukutoa porini, si ya kila siku. Uchafu wake utaukuta kwenye kabureta.

Chini ya kiti

Pale weka kitambaa, koti la mvua, plagi moja na spana yake, nakala ya kadi na bima, na kufuli la diski au mnyororo. Funga usukani kila unaposhuka, hata dukani kwa dakika mbili. Chombo chepesi hubebwa na watu wawili kama gunia, kwa hiyo kifunge kwenye nguzo, au mahali penye mlinzi unayemsalimia.

Kwenye skuta nyingi kiti kinajifunga chenyewe kikidondoka. Mimi nilifungua tanki lililo chini ya kiti pale sheli Tegeta, nikaweka funguo ndani nikitafuta hela, kijana wa mafuta akamaliza na kukibamiza kiti kwa heshima zote. Funguo ndani, skuta mbele ya pampu, honi nyuma yangu. Funguo ya akiba ilikuwepo. Nilikuwa nimeihifadhi vizuri, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kiti kile kile.